Damu Inavyodokeza Makali ya Homa ya Mafua

Homa ya mafua, yaani influenza, huletwa na virusi vinavyoshambulia utando wa njia ya hewa kuanzia puani hadi kwenye matawi madogo ya mapafu. Kwa walio wengi huja kwa kishindo: joto la mwili hupanda, kichwa hugonga, viungo huuma, kikohozi kikavu hakiachi usingizi uje. Baada ya siku tano hadi saba mgonjwa amerudi shambani au kazini. Kwa wachache mambo huenda kombo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya milioni 3 na milioni 5 huugua vibaya kutokana na influenza, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Kumtambua mwenye mafua si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua, kati ya wote wanaokohoa kwenye benchi la kusubiri, ni nani atakayehitaji oksijeni keshokutwa.

Viashiria vya damu ni vipimo vinavyojaribu kujibu swali hilo mapema. Havitafuti virusi vyenyewe. Virusi hutafutwa kwa kijiti cha pamba kinachoingizwa puani. Damu huonyesha jinsi mwili unavyopambana: askari gani wa kinga wameitwa, wangapi wamebaki, na ni tishu kiasi gani imekwisha kuumia. Watu wawili wanaweza kuwa na virusi vilevile kwa kiasi kilekile, mmoja akapona nyumbani kwa kunywa maji na kupumzika, mwingine akafia wadini. Mara nyingi tofauti yao iko katika mwitikio wa mwili, na mwitikio huo huacha alama katika damu siku moja au mbili kabla ya mgonjwa kuzidiwa.

Katika kaunti kama Machakos, siku hiyo moja au mbili ni kila kitu. Mgonjwa wa Masinga, Yatta au Mwala huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya. Akionekana dhaifu hupelekwa hospitali ya Level 4 kama ya Matuu au ya Kangundo, na akizidi kudhoofika ndipo anapofikishwa Machakos Level 5, iliyo hospitali ya rufaa ya kaunti. Kila hatua ina barabara yake, nauli yake na saa zake za kungoja. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani na dawa za maumivu, kisha akaanza kuhema usiku wa manane, anaanza safari hiyo yote akiwa tayari amechelewa. Kipimo kinachoweza kumnasa akiwa bado ameketi mbele ya tabibu wa kwanza kina thamani kubwa huku kuliko katika mji ambao gari la wagonjwa hufika kwa dakika kumi.

Isitoshe, homa hii haina likizo nchini Kenya. Ulaya na Amerika Kaskazini huijua kama ugonjwa wa majira ya baridi. Hapa, ufuatiliaji uliofanywa na Wizara ya Afya, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Marekani la CDC katika hospitali teule tangu 2006 umeonyesha kwamba virusi vya influenza huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka bila kufuata kalenda kamili. Baridi ya Juni hadi Agosti, ambapo ukungu hukaa juu ya vilima vya Iveti na Mua hadi saa nne asubuhi, huwajaza watu ndani ya nyumba na madarasa na kurahisisha maambukizi, lakini Februari yenye jua kali nayo ina wagonjwa wake.

Machakos imewahi kuchunguzwa kwa maradhi ya kupumua kwa kina ambacho wakazi wengi wa leo hawakijui. Katika miaka ya 1970, Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Nairobi, kilichokuwa tawi la Taasisi ya Kifalme ya Tropiki ya Amsterdam, kiliendesha uchunguzi uliokuja kuitwa Mradi wa Machakos katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, mtoto yupi ana surua, yupi ana kifaduro, yupi anakohoa na kuhema. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na J. K. van Ginneken na A. S. Muller, kikachapishwa 1984. Mradi huo haukuhusu viashiria vya damu. Ila utaratibu wake, wa kurudi mlango uleule na kulinganisha hali ya leo na ya juzi, ndio hasa unaohitajika mtu anapotaka kutabiri makali ya influenza, kwa sababu kipimo kimoja cha siku moja husema machache mno.

Mlipuko mkubwa wa kwanza wa influenza uliorekodiwa nchini ulikuwa wa 1918. Ulitua Mombasa Septemba mwaka huo, ukapanda bara kwa reli iliyopita Athi River, na kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vita vya Afrika Mashariki. Kumbukumbu za kiutawala za jimbo la Pwani, zilizochambuliwa upya karne moja baadaye, zinaonyesha kwamba takriban watu 25 kwa kila 1,000 walikufa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kisababishi ni virusi. Vilitengwa kwa binadamu mara ya kwanza London mwaka 1933. Mwaka 2008 wanasayansi wa Marekani waliochunguza upya tishu za mapafu zilizohifadhiwa tangu mlipuko ule walikuta kwamba vifo vingi vilikamilishwa na bakteria walioingia baada ya virusi kubomoa utando wa njia ya hewa. Kwa hiyo mgonjwa wa influenza hukabiliwa na hatari mbili zilizo tofauti. Kinga yake yenyewe inaweza kupitiliza mpaka ikaumiza mapafu, au bakteria wanaweza kutumia nafasi iliyoachwa wazi. Kiashiria kizuri ni kile kinachosaidia kuzitenganisha hatari hizo, maana tiba zake hazifanani.

Mlipuko wa 2009 ulileta aina mpya ya H1N1. Kisa cha kwanza Kenya kilithibitishwa mwishoni mwa Juni mwaka huo, kwa kijana kutoka Uingereza aliyesafiri na kundi la wanafunzi hadi Kisumu. Dunia nzima ilipigwa na butwaa kwa jambo moja: waliolazwa vyumba vya wagonjwa mahututi hawakuwa wazee peke yao. Walikuwamo vijana wenye afya, wajawazito na watu wanene. Umri na historia ya magonjwa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikitumika kukisia nani ataumia, havikutosha tena. Utafutaji wa viashiria vya damu ulishika kasi kuanzia hapo.

Ili vipimo vieleweke, ni vizuri kufuata ratiba ya ugonjwa. Virusi huzaliana kwa kasi katika siku mbili za mwanzo. Seli zilizovamiwa hutoa intaferoni, protini za tahadhari zinazoziambia seli jirani zifunge milango. Hii ndiyo inayoleta baridi ya mwili, uchovu na maumivu ya mifupa. Mgonjwa anajiona mahututi ilhali kinga inafanya kazi yake barabara. Kwa wengi, kufikia siku ya nne virusi vimepungua na intaferoni imetulia. Kwa wachache, awamu ya pili inaanza: seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili humiminika mapafuni kwa maelfu, zikimwaga kemikali zinazoua vijidudu pamoja na tishu. Utafiti wa Uingereza uliowahusisha watu wazima 131 waliolazwa kwa influenza kati ya 2009 na 2011, na kuchapishwa 2018, ulisoma jeni zinazofanya kazi ndani ya damu na kuyaona mapito hayo waziwazi: damu ya wagonjwa wa kawaida ilitawaliwa na alama za intaferoni, na ya waliozidiwa ilikuwa imehamia kwenye alama za nyutrofili.

Habari njema ni kwamba kivuli cha mapito hayo huonekana kwenye kipimo cha kawaida kabisa, hemogramu kamili. Mtaalamu wa maabara huchukua mililita chache za damu katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina dawa ya kuzuia damu isigande, anaigeuzageuza polepole mara kadhaa, kisha anaiingiza katika mashine. Baada ya dakika moja hivi karatasi inatoka na safu za namba. Chukua mfano wa kubuni. Jumla ya seli nyeupe ni 4.2, namba hiyo iko ndani ya mipaka ya kawaida, na tabibu mwenye haraka angeishia hapo. Mstari wa chini unaonyesha nyutrofili 3.4 na limfosaiti 0.5. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata karibu 7. Kwa mtu mzima mwenye afya mgawanyo huo huwa kati ya 1 na 3. Limfosaiti, askari wanaotambua na kuua seli zilizovamiwa na virusi, zimepungua sana katika damu, na nyutrofili zimetawala. Jumla ilikuwa ya kawaida kwa sababu upungufu wa upande mmoja ulifichwa na wingi wa upande wa pili. Mgonjwa huyu hapaswi kuondoka bila kupimwa oksijeni na kupangiwa kurudi kesho yake.

Mgawanyo huo wa nyutrofili kwa limfosaiti umechunguzwa katika nchi nyingi na mara kwa mara umehusishwa na kulazwa na kifo kwa wagonjwa wa influenza. Faida yake ni kwamba hauongezi gharama yoyote. Namba zimekwisha kuchapishwa na kilichobaki ni kugawanya. Hata hivyo mipaka inayotajwa vitabuni imetoka zaidi China na Ulaya, na hapa ndipo mwandishi yeyote wa afya anapaswa kuwa mwangalifu. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wana tofauti ya kurithi inayoondoa protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu, tofauti inayowakinga dhidi ya aina moja ya malaria na ambayo pia hushusha idadi ya nyutrofili zinazozunguka kwenye damu, bila madhara yoyote. Utafiti wa viwango vya kawaida vya maabara uliofanywa Kericho na kuchapishwa 2008 ulithibitisha kwamba Wakenya wenye afya wana nyutrofili chache kuliko viwango vya Marekani. Mtu ambaye kawaida yake ni mgawanyo wa 1 akifika 4 amepanda mara nne, ingawa kitabu cha ng'ambo kingemwona yuko karibu na mpaka tu. Kutumia mipaka ya kuazima bila kuipima upya kwa watu wa hapa ni kuwaachia baadhi ya wagonjwa wapite bila kuonekana.

Chembe sahani, zinazogandisha damu, nazo zimo kwenye karatasi hiyohiyo. Zikishuka haraka katika mafua makali huashiria kwamba mchochota umeenea hadi kwenye mishipa midogo ya damu. Lakini malaria huzishusha pia, na mara nyingi zaidi ya influenza. Machakos mjini hakuna malaria nyingi; maeneo ya joto ya Masinga na Yatta yana zaidi, na wapo wasafiri wanaorudi kutoka Kisumu au Pwani. Hakuna namba ya chembe sahani inayopaswa kufasiriwa kabla ya kipimo cha malaria kurudi.

Kiashiria cha pili kwa umuhimu ni protini inayojulikana kwa herufi tatu, CRP. Iligunduliwa New York mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Francis huyohuyo ndiye aliyekuja kutenga virusi vya influenza B mwaka 1940. Protini hii hutengenezwa na ini baada ya kupata ujumbe wa kemikali iitwayo intalukini-6 kwamba kuna mchochota mahali fulani mwilini. Huanza kupanda ndani ya saa sita hadi nane na kufikia kilele baada ya siku moja na nusu hadi mbili. Kwa mtu mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Katika influenza isiyo na matatizo hupanda kiasi. Ikivuka 100, tabibu anapaswa kushuku kwamba nimonia ya bakteria imeingia au kwamba mapafu yenyewe yameanza kuungua kwa ndani.

Ushahidi mzuri kuhusu CRP unatoka nyumbani. Utafiti wa PERCH juu ya visababishi vya nimonia kwa watoto, uliofanywa katika nchi saba ikiwemo Kenya kupitia kituo cha Kilifi, ulilinganisha watoto wenye nimonia iliyothibitishwa kuwa ya bakteria na wale wa virusi vya RSV, jamaa wa karibu wa influenza kwa jinsi vinavyoshambulia kifua. Asilimia 77 ya watoto wa kundi la kwanza, wasio na VVU, walikuwa na CRP ya miligramu 40 au zaidi; kundi la pili ni asilimia 17 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kutosha kumsaidia tabibu kuamua kama antibiotiki zinahitajika, na wakati huohuo inakumbusha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye bakteria alikuwa chini ya mstari huo.

Dar es Salaam imetoa somo lingine, kwa maoni ya makala haya la maana zaidi kwa sababu lilijaribu kipimo ndani ya kliniki halisi. Kati ya 2014 na 2016, watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka mitano wenye homa walihudumiwa katika kliniki tisa kwa mwongozo wa kielektroniki uitwao ePOCT au kwa mwongozo wa kawaida zaidi. Mwongozo wa ePOCT ulimwongoza mhudumu kupima kiwango cha oksijeni kidoleni, wingi wa damu, sukari, CRP na prokalsitonini papo hapo pale ilipohitajika. Walioshindwa kupona kufikia siku ya saba walikuwa asilimia 2.3 katika kundi la ePOCT na asilimia 4.1 katika kundi la kulinganisha, na antibiotiki zilitolewa kwa asilimia 11.5 dhidi ya 29.7. Watoto wengi zaidi walipona huku dawa chache zaidi zikitumika. Hakuna kipimo kimoja kilichofanya kazi hiyo peke yake. Kilichosaidia ni mpangilio wa kuvipima kwa zamu na kujua la kufanya baada ya kila jibu.

Prokalsitonini, iliyotajwa hapo juu, ndiyo inayotegemewa zaidi katika kutenganisha bakteria na virusi. Kawaida hutengenezwa kwa kiasi kidogo sana katika tezi ya shingoni. Bakteria wanapoingia kwenye damu, karibu kila tishu huanza kuitoa. Virusi, kwa upande wao, huamsha intaferoni ya aina ya gama inayoizuia. Mgonjwa wa influenza aliyelazwa mahututi na kiwango chake kikiwa chini kabisa, uwezekano wa bakteria ni mdogo. Ila influenza kali yenyewe, ikishavuruga figo na mzunguko wa damu, inaweza kuipandisha. Bei yake pia ni mzigo kwa hospitali za kaunti, na hiyo ndiyo sababu CRP bado itabaki mbele kwa muda.

Vipo viashiria vya uharibifu wa tishu. Kimeng'enya cha LDH huishi ndani ya seli. Kikionekana kwa wingi kwenye damu, seli zimepasuka. Wagonjwa 18 wa kwanza wa nimonia ya H1N1 walioelezwa kutoka hospitali moja ya Mexico City mwaka 2009 wote walikuwa na LDH iliyopanda, na zaidi ya nusu yao limfosaiti zilikuwa zimepungua. Kimeng'enya cha misuli, CK, hupanda pia, hasa kwa watoto ambao miguu huwauma hadi wakashindwa kutembea. D-dima huonyesha kwamba damu inaganda na kuyeyuka ndani ya mishipa, lakini kwa mjamzito hupanda hata akiwa mzima, na hivyo kwa kundi hilo lililo hatarini zaidi kipimo hiki hupotosha.

Nyuma ya hivi vyote kuna saitokini, jumbe za kemikali ambazo seli za kinga hutumiana. Mwaka 2006 watafiti katika Jiji la Ho Chi Minh, Vietnam, walichunguza damu ya wagonjwa wa mafua ya ndege ya H5N1 na kukuta kwamba waliokufa walikuwa na viwango vya juu kupindukia vya jumbe hizo, pamoja na virusi vingi zaidi kooni. Katika mlipuko wa 2009, utafiti wa kimataifa ulioendeshwa na mtandao wa INSIGHT uliona kwamba intalukini-6 na intalukini-10 zilizopanda siku ya kulazwa zilitangulia kuzorota kwa mgonjwa. Vipimo hivi vinaeleza kwa nini mtu anazidiwa. Kwa uamuzi wa usiku katika wadi ya Kangundo bado viko mbali, kwa sababu vinahitaji mashine ghali na majibu huchelewa, na CRP, ambayo hupanda kwa amri ya intalukini-6, hutoa sehemu kubwa ya habari hiyohiyo kwa bei nafuu.

Ugunduzi mmoja katika kundi hili unagusa kwa namna ya pekee. Mwaka 2022 ilibainika kwamba takriban asilimia 5 ya wagonjwa waliokuwa mahututi kwa nimonia ya influenza walikuwa na kingamwili zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe. Mwili ulikuwa umejinyang'anya silaha ya kwanza hata kabla ya virusi kubisha hodi, na hakuna dalili ya nje ambayo ingewaonya.

Kiashiria kinachoangaliwa kwa matumaini Afrika Mashariki ni sTREM-1, kipande cha protini kinachotoka kwenye nyutrofili na seli nyeupe nyingine ziitwazo monosaiti zinapoamshwa kupita kiasi. Katika Hospitali ya Rufaa ya Jinja, Uganda, damu ya watoto zaidi ya 2,500 wenye homa ilipimwa walipofika, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba protini hii ilibashiri kifo vizuri kuliko viashiria vingine vilivyolinganishwa nayo, CRP na prokalsitonini zikiwemo. Uzuri wake ni kwamba haijali kisababishi: iwe malaria, nimonia au virusi, inapima jinsi mwili unavyoelemewa. Mhudumu wa zahanati hahitaji kwanza kujua jina la kijidudu ili ajue mtoto huyu asirudi nyumbani.

Magonjwa mengine hubadilisha maana ya namba zote hizi. VVU hupunguza limfosaiti kabla ya mafua kuingia, na utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba wenye VVU wako katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa kwa influenza. Kifua kikuu hupandisha CRP kwa wiki nyingi. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo anaweza kushindwa kuipandisha hata akiwa taabani, na hapo namba ndogo ni kengele ya hatari.

Hesabu pia ina kikomo chake, na inafaa ionyeshwe kwa mfano. Tuseme watu 1,000 wenye influenza wamefika kliniki za kaunti na 20 kati yao watazidiwa. Kipimo kinachonasa asilimia 80 ya watakaozidiwa na kuwaondolea wasiwasi asilimia 80 ya wasiozidiwa kinaonekana kizuri. Kitawanasa 16 na kuwakosa 4. Lakini pia kitawatia hofu watu 196 kati ya 980 ambao wangepona wenyewe. Kwa hiyo kati ya 212 walioonywa, 16 tu ndio walio hatarini kweli. Kuwalaza wote 212 kungejaza wadi zote. Kilicho sahihi ni kuwapigia simu au kuwatembelea kesho yake, kazi ambayo wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kuifanya wakipewa kifaa cha kupima oksijeni na mafunzo ya kuhesabu pumzi. Upande wa pili wa hesabu ni wa kutia moyo: kati ya 788 walioambiwa hawana shida, 784 hawatapata shida.

Hakuna kiashiria kinachochukua nafasi ya macho na masikio. Mtoto anayepumua haraka huku kifua kikibonyea kwa ndani, mtu mzima aliyechanganyikiwa, midomo iliyobadilika rangi, oksijeni iliyo chini ya asilimia 90 kidoleni: yeyote kati ya hawa alazwe hata kama karatasi ya maabara ni safi. Damu ina kazi kwa wale walio katikati, wanaotembea na kuzungumza, ambao mwili wao bado unaficha.

Jibu likishapatikana, hatua zinafuata. Mwongozo wa WHO wa Septemba 2024 unapendekeza oseltamiviri kwa wagonjwa wa influenza kali, na baloksaviri kwa wale ambao hawajazidiwa ila wako katika hatari kubwa ya kufika huko. Dawa za virusi hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 48, na hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka kiashiria cha mapema. Mwongozo huohuo hauungi mkono antibiotiki kwa mgonjwa asiye na hali kali ambaye uwezekano wake wa bakteria ni mdogo. Kuhusu kinga, kamati ya kitaifa ya ushauri wa chanjo ilipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya influenza kila mwaka, na majaribio ya utoaji yakafuata Nakuru na Mombasa.

Kwa aliyelazwa, vipimo hurudiwa. CRP hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi chanzo cha mchochota kikishatulia, kwa hiyo iliyokuwa 120 Jumatatu asubuhi inapaswa kuwa imekaribia 50 Jumanne asubuhi ikiwa mwili umeshinda na ini limeacha kuitengeneza. Ikikwama palepale, tiba inapaswa kuangaliwa upya. Limfosaiti hupanda polepole zaidi, na zikianza kurudi ni ishara kwamba awamu ya nyutrofili inapita. Hatari inayobaki ni ile ya 1918. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, akala, akaomba kwenda nyumbani, kisha kati ya siku ya tano na ya kumi homa ikarudi na CRP ikapanda tena, ana nimonia ya bakteria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huyo huchukuliwa damu ya kuoteshwa maabara na kuanzishiwa antibiotiki siku hiyohiyo.